Namba ya tarakimu milioni 41, yatufaa nini sisi wa Malindi?

Barazani hapa Malindi watu wamecheka mpaka basi waliposikia habari ya ile namba tasa aliyoipata Luke Durant, Mmarekani, Oktoba 2024. Andika mbili mara 136,279,841, zizidishe zote pamoja, toa moja, basi ndiyo hiyo, tarakimu 41,024,320 na haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukiisoma tarakimu moja kila sekunde, hulali huswali, ni karibu siku 475, na ya mwisho utakayotamka ni 1.

Wanaopinga wanasema stima yote ile, mitambo maelfu kwenye nchi 17, jamaa katoa pesa zake mwenyewe na zawadi ni dola 3,000 tu. Na kuna kitu wamepatia, wale wanaoitetea eti inalinda siri zetu kwa simu wanatudanganya, maana WhatsApp inatumia namba tasa ya tarakimu 77 na inatosha kabisa. Hili jitu la milioni 41 halina kazi huko.

Lakini mbona hakuna anayetaja ya Nicely? Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu Virginia, 1994 anahangaika na namba tasa pacha, zile kama 11 na 13, anajumlisha sehemu zake (1/11, 1/13 na kuendelea), kitu ambacho hakimpi mtu hata kikombe cha kahawa. Jumla zikawa hazikubaliani. Akakagua programu yake, akabadilisha kompyuta, akaondoa hiki na kile, mwisho akagundua chipu yenyewe ya Pentium inakosea kugawanya! Yaani chipu iliyokuwa imeshauzwa, iko kwenye maofisi, watu wanapigia hesabu zao. Intel, wenye kuitengeneza, mwanzo walisema mtu wa kawaida hatadhurika, baadaye wakakubali kubadilisha na hasara ikaandikwa dola milioni 475 (475 tena, sadfa tu). Halafu 2016 Intel hao hao wakakiri chipu zao za Skylake zinaganda zikipigishwa hesabu nzito, na kilichozigandisha ni Prime95, programu ya hawa hawa wasaka namba tasa. Hesabu ndefu namna hiyo ikikosea mahali pamoja tu yote imeharibika, ndiyo maana inafichua uchafu ambao kazi za kawaida zinaupita tu.

Na sisi, jirani wa Ngomeni, ndio wa kuuliza yatufaa nini? Desemba 12, 1970 setelaiti ya Uhuru ilirushwa pale baharini kwenda kutafuta eksirei angani. Atakayesema mvuvi wa Ngomeni hakuona faida nitamsikiliza, ila huyo analalamikia mgao wa faida, halalamikii elimu.

Kuna dola 150,000 zinamsubiri atakayepata namba tasa ya kufikisha tarakimu milioni 100. Hiyo Prime95 ni ya bure, laptop yoyote nzima inaiendesha, bili ya stima tu msiniletee mimi.