Kompyuta Nzito Haiponi kwa Kupigwa Windows Peke Yake

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kompyuta ya nyumbani ikianza kuwa nzito, ushauri unaotolewa ni mmoja: ipelekwe kwa fundi ikapigwe Windows, yaani ifutwe na kuwekewa upya mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha. Mwenye kompyuta huibeba hadi kwenye kibanda cha fundi, huiacha hapo pamoja na waya wake wa umeme, na jioni huirudia ikiwa imefutwa kila kitu, na kwa siku chache huonekana kweli kama mpya. Mimi mwenyewe niliutoa ushauri huo kwa ndugu na majirani kwa miaka mingi. Leo naupinga. Kuweka mfumo endeshi upya si kosa, na iko siku ambapo hiyo ndiyo dawa yenyewe. Lakini jinsi kazi hiyo ilivyozoeleka kufanywa hapa mjini, mara nyingi hufuta mali ya familia na kukiacha mahali pake kile kilichoifanya mashine iwe nzito.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu yalitukuta nyumbani, Tabata. Mwaka 2019 kompyuta ya mezani ya mama ilikuwa imefikia hatua ya kuchukua dakika sita tangu kuwashwa hadi kufungua daftari la hesabu za kikoba chake. Niliipeleka kwa fundi nikamwambia apige Windows tu, naye akafanya hivyo hasa: alifuta diski nzima, pamoja na ile sehemu ya pili ambamo mama alikuwa amehifadhi hesabu za miaka mitatu na picha za marehemu baba akiwa shambani Muheza. Fundi hakuwa na nia mbaya. Hakuuliza, nami sikusema. Mama aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, zile picha za baba yako haziwezi kurudi?" kisha akaenda jikoni. Na baada ya miezi miwili kompyuta ilikuwa nzito vilevile, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa kwenye diski yenyewe, ambayo hakuna aliyeiangalia.

Tangu siku hiyo sianzi kuifanya upya kompyuta ya mtu kabla ya kuitazama ikiwa katika uzito wake. Ukibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka dirisha linaloonyesha vinatumika kwa kiasi gani kichakataji (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) na diski (ghala la faili). Diski ikisimama kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi huku kichakataji kikiwa hakina kazi kubwa, chanzo kimeshaanza kujionyesha. Kompyuta nyingi tulizonunua zikiwa zimetumika bado zina diski za kuzunguka, yaani sahani ngumu zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachokimbia huku na huko kutafuta data. Kila safari ya kichwa hicho huchukua takriban milisekunde 10, na Windows inapowaka husoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, hivyo safari hizo hujumlishana zikawa dakika. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, nayo hupata faili ndani ya sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ndiyo maana kuitoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD huleta nafuu ambayo ufutaji wa namna yoyote hauwezi kuileta, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nyingine. RAM huja baada ya hapo: mashine yenye GB 4 ikifunguliwa kurasa nyingi za intaneti hulazimika kuazima nafasi kwenye diski, na diski hiyo ikiwa ndiyo ile ya kuzunguka, matatizo mawili huanza kulishana.

Kuna chanzo kingine ambacho kwa mji wetu hakipaswi kusahauliwa, nacho ni joto. Tunaishi pwani, kwenye joto na unyevu, tunaacha madirisha wazi ili tupate upepo, na upepo huo huingia na vumbi la barabara za mtaani. Nilipofungua ubavu wa kompyuta ya mama kwa mara ya kwanza, feni ya kichakataji ilikuwa imevikwa kitu kama blanketi la kijivu, lenye unene wa ganda la chungwa. Nililivuta taratibu kwa brashi laini ya rangi, likatoka kipande kizima, na chini yake nikaona vibamba vyembamba vya alumini ambavyo kwa muda usiojulikana havikuwa vimepitiwa na hewa hata kidogo. Ute wa kupitisha joto kati ya vibamba hivyo na kichakataji ulikuwa umekauka na kuwa kama chokaa, ukimeguka kwa kucha. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake chenyewe ili kisiungue, kwa hiyo mtu aliyekaa mbele ya kioo anaona uzito, akadhani ni virusi, kumbe mashine inajinusuru. Kazi ya kusafisha ilinichukua saa moja na nusu ya Jumamosi asubuhi, na vifaa vyangu vilikuwa bisibisi, brashi, na kijitubu cha ute mpya. Anayetaka kuijaribu azime kompyuta, achomoe waya wa umeme, na aishike feni isizunguke anapoipulizia.

Programu zinazojiwasha zenyewe ni jambo jepesi. Dirisha lile lile nililolitaja lina sehemu ya kuzizuia, na mtu yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa anasubiri chai. Ila naomba wasomaji waachane na zile programu zinazoahidi kusafisha kompyuta na kuiongezea kasi kwa kubofya mara moja. Nyingi huongeza uzito ule ule zilioahidi kuuondoa, na Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake. Vilevile, antivairasi mbili kwenye mashine moja hugombania kila faili inayofunguliwa, wakati Windows 10 na 11 tayari zina kinga yake.

Ikiwa baada ya hayo yote bado inabidi kuifuta, basi kazi kubwa ni ile inayotangulia ufutaji, na hapa ndipo ningependa kila familia itulie. Vitu vya thamani havikai kwenye folda ya nyaraka peke yake. Vimelala juu ya uso wa kompyuta, yaani ile skrini ya kwanza ikishawaka, kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, ndani ya folda ambazo mtoto alizipa majina anayoyajua yeye, na ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, ambako nywila za miaka mingi zimehifadhiwa bila mtu kuzikariri. Mwite kila anayeitumia kompyuta hiyo, akae kwenye kiti, aonyeshe vyake. Kwetu zoezi hilo lilichukua jioni mbili. Mpwa wangu alikuwa na mitihani ya miaka iliyopita aliyoikusanya kwa ajili ya Kidato cha Nne, na mama alikuwa na barua za mirathi zilizochanganuliwa, yaani zilizopigwa skani, ambazo mimi sikujua kuwa zipo. Kisha nakala zikae sehemu mbili, moja ikiwa nje kabisa ya kompyuta hiyo, na zifunguliwe kwenye mashine nyingine ili kuhakikisha kwamba zinasomeka. Tuwe makini pia na flashi zinazotoka steshenari. Mara nyingi mtu hurudi na flashi ambayo faili zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato, akadhani zimepotea, akaifuta kwa hasira, ilhali kirusi cha aina hiyo kwa kawaida huzificha tu na zinaweza kuonyeshwa tena.

Ufutaji wenyewe siku hizi hauhitaji fundi. Windows 10 na 11 zina njia ya kuirejesha kompyuta katika hali ya mwanzo, iliyo ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya urejeshaji. Itakuuliza kama unataka faili zako zibaki au kila kitu kiondolewe. Ukichagua zibaki, programu ulizoweka huondolewa, na orodha ya majina yake huachwa juu ya uso wa kompyuta ili ujue cha kurudisha. Itakuuliza tena kama mfumo uchukuliwe kutoka kwenye mashine au upakuliwe kwenye intaneti, na huko kupakua kunaweza kula zaidi ya GB 4, kiasi ambacho kwa mtu anayeishi kwa bando la simu si kidogo. Mimi hupendelea mashine yenyewe, isipokuwa nikishuku kwamba mfumo uliomo umeharibika au una virusi. Hapo ni bora kuandaa flashi ya GB 8 mahali penye intaneti ya uhakika. Na jambo la umeme lisichukuliwe kirahisi: ukikatika katikati ya kazi hii, kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, inaweza kukataa kuwaka kabisa, kwa hiyo usiianze katika siku ambayo umeme umekuwa ukikatika na kurudi.

Leseni nayo huwatia watu hofu bila sababu, wakakubali kuwekewa nakala iliyovunjwa kufuli. Kompyuta iliyokuwa na Windows 10 halali huandikishwa kwa kutambuliwa vifaa vyake, hivyo ukiiweka upya toleo lile lile kwenye mashine ile ile, hujitambua ikishaunganishwa na intaneti. Vile viprogramu vya kuvunja kufuli, ambavyo humtaka mtu azime kinga kwanza ndipo vifanye kazi, ni mlango ulioachwa wazi, nami naona ni vibaya sana kuviweka kwenye mashine ambayo mama wa mtu atafungulia barua pepe na hesabu za fedha za wenzake.

Limejitokeza pia suala la Windows 10 kufikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na wapo wanaoambiwa kwamba kompyuta zao sasa ni takataka. Windows 11 huhitaji TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ndani ya mashine, na kwa vichakataji vya Intel huanzia, isipokuwa vichache, kizazi cha nane, kwa hiyo mashine nyingi za majumbani hazikubaliki. Microsoft wameweka mpango wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha, na huo ni muda wa kutosha kujipanga. Baada ya hapo kuna Linux, mfumo endeshi mwingine ulio huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuusambaza, ambao nimeuweka kwenye mashine mbili za ndugu zangu na wanaandika, wanachapa na kuingia intaneti bila shida. Si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili.

Simaanishi kwamba mafundi hawana kazi. Wapo mahodari sana Kariakoo ambao watakubadilishia diski mbele ya macho yako na kukurudishia ile ya zamani mkononi, na hao ndio wa kuwatafuta. Ninachoomba ni kwamba fundi aulize kabla ya kufuta, na mwenye kompyuta akae pale pale hadi mwisho, akijua chanzo kilichopatikana ni kipi.

Kompyuta ya mama sasa ina SSD na GB 8 za RAM, na daftari la kikoba hufunguka ndani ya sekunde 30 tangu kuwashwa. Picha za baba hazikurudi. Mwaka jana shangazi alituma mbili kutoka Muheza, zilizosafishwa kwenye karatasi zamani, nikazichanganua na kuziweka kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, ambayo mama ameifunga ndani ya kitenge na kuiweka kabatini mwake.