Picha kabla ya kushona: upasuaji wa uso unaihitaji lini?

Taya la chini likivunjika, lina shahidi wake: meno. Daktari huyafunga ya juu na ya chini kwa waya, na yakikutana kama yalivyozoea, anajua mfupa umerudi mahali pake. Kwa mvunjiko wa kawaida wa namna hiyo, sioni sababu ya kumpiga mgonjwa picha ya mionzi akiwa bado kwenye meza ya upasuaji.

Jicho ni habari nyingine. Sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba, sehemu nyingi haufiki hata milimita 1. Ukipasuka kiasi cha kuhitaji upasuaji, daktari mara nyingi huuziba kwa bamba la titani, aina ya metali, analolipitisha kwenye upenyo mdogo karibu na kope. Kumevimba, na kule nyuma bamba linakotakiwa kuegemea ndiko macho yake yasikofika vizuri. Likikaa kombo, mgonjwa huamka akiona viwili viwili, au uvimbe ukishaisha jicho hudidimia. Siti skani ya kesho yake itafichua kosa, lakini jeraha limeshashonwa. Kulirekebisha ni nusu kaputi ya pili. Mashine ya picha za pande tatu inayozunguka kichwa mumo humo chumba cha upasuaji hulionyesha mapema.

Wanaoipinga hutaja kwanza mionzi. Hoja hiyo hainitishi: picha ya mezani ikichukua nafasi ya ile ya kesho yake, nyongeza ni ndogo. Muda wa usingizi, sawa, unaongezeka. Kinachonipa shaka zaidi ni skrini yenyewe. Daktari akiona bamba limepishana milimita 1 hushawishika kulichokonoa tena, karibu na neva ya jicho, ilhali kasoro hiyo pengine isingemsumbua mgonjwa maisha yake yote.

Halafu kuna bei. Hospitali zetu hupokea majeruhi wengi wa bodaboda, na nyingi hazina mashine hiyo. Kwa upinde wa mfupa wa shavu, altrasaundi ya kawaida, ya aina ileile wanayopimiwa wajawazito, huonyesha kama umerudi mahali pake. Kwa bamba lililo nyuma ya jicho haitoshi, na hapo ndipo hesabu zinapopindika: mashine hulipiwa na hospitali, upasuaji wa marudio mara nyingi hulipwa na mgonjwa na ndugu zake. Anayepanga bajeti ya vifaa haioni gharama hiyo ya pili kwenye karatasi zake.