Kikombe cha Metzinger na fidla ya Braque

Kwenye makumbusho ya sanaa ya Philadelphia kuna mchoro wa mwaka 1911 wa Jean Metzinger, mchoraji wa mtindo uitwao Kubizimu: mwanamke ameketi mezani, kijiko mkononi, na mbele yake kikombe cha chai. Kikazie macho kikombe hicho. Kimegawanywa katikati kwa mstari wa wima. Nusu moja imechorwa kama anavyoiona mtu aliyeinama usawa wa meza. Nusu ya pili, kama anavyoiona aliyesimama akachungulia ndani.

Watu wengi wakiulizwa Kubizimu ni nini hujibu kwa maelezo yanayokaa ndani ya kikombe hicho: ni kuchora kitu kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Hoja yenyewe ina nguvu. Tangu msanifu majengo Filippo Brunelleschi wa Florence, karne ya 15, mchoraji wa Ulaya alifundishwa kuchora kana kwamba ana jicho moja lisilotikisika. Brunelleschi alionyesha ugunduzi wake wa namna hiyo ya kuchora kwa kumtaka mtazamaji achungulie kwenye tundu. Lakini nani anayeishi akichungulia tunduni? Tunageuza shingo, tunazunguka meza, na upande tuliouacha bado tunaukumbuka. Pablo Picasso alikwisha kuivunja sheria hiyo ya jicho moja mwaka 1907, katika ule mchoro wake mkubwa wa wanawake watano. Yule aliyechuchumaa upande wa kulia ametupa mgongo, na bado uso wake, mkali kama kinyago, unatutazama sisi.

Hata hivyo, maelezo hayo yananipa shida. Si kwa sababu Wamisri wa kale walikwisha kuchora uso wa ubavuni wenye jicho la mbele na mabega ya mbele. Wao walikuwa na kanuni iliyotulia, ambayo kila mtu aliijua. Shida yangu ni nyingine. Kama lengo lilikuwa kukijua kitu zaidi, mbona tunakijua kidogo? Mwaka 1910 Picasso alimchora Daniel-Henry Kahnweiler, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza michoro yake Paris. Mtu aliyezungukwa pande zote angepaswa kutujia mzimamzima. Badala yake tunapata vipande vya rangi ya kahawia na kijivu, na inabidi tumtafute humo: huku mnyororo wa saa, kule chini viganja vimeshikana. Ukiviona viganja, unapumua.

Ernst Gombrich, mwanahistoria wa sanaa, alilisoma jambo hili kinyume kabisa. Kwake yeye, michoro hii inayagonganisha kwa makusudi mambo yale yanayolisaidia jicho kutambua umbo, ili tusiweze kusahau kwamba tulicho nacho mbele yetu ni turubai iliyopakwa rangi. Hapo haizungumzwi habari ya kukijua kitu zaidi.

Naegemea upande wa Gombrich ninapoutazama mchoro wa Georges Braque, mwenzake Picasso katika Kubizimu, wa 1909 wenye fidla na kibao cha kuchanganyia rangi. Fidla imevunjikavunjika, nyuzi na mashimo yake ya sauti vimeachana. Juu kabisa, kile kibao kimetundikwa kwenye msumari, na msumari huo umechorwa kwa namna ya zamani kabisa, pamoja na kivuli chake. Braque anatuambia kwamba namna ile anaiweza. Ameiacha kwa hiari. Kikombe cha Metzinger kinafafanua nadharia vizuri mno, na kikishafafanua hakina kingine cha kukupa. Mbele ya fidla hii unaweza kukaa saa nzima.

Ila Gombrich simfuati hadi mwisho. Hiyo ni fidla bado, si rangi tu. Braque alipenda muziki, na mwenyewe alipiga kodiani. Mpiga fidla haijui ala yake kwa macho: kidevu kinaijua kwa uzito wake, na vidole vya mkono wa kushoto vinaujua mpini hata gizani. Ujuzi wa namna hiyo hauna pembe ya kutazamia, wala moja wala nyingi. Nadhani hicho ndicho Braque alichokuwa akikisaka, na ndiyo maana yale mashimo mawili ya sauti, ingawa yameachana na mwili wa fidla, bado yanamfanya mtazamaji atake kunyoosha mkono.