Fungueni Filamu ya Hawking Hadi Ngomeni

"Mjomba, si ulisema ni ya bure?"

Binti wa dadangu yuko Kidato cha Nne, anaipenda fizikia kuliko somo lolote, na mimi ndiye niliyemtumia kile kiungo. Kituo kimoja cha televisheni cha ng'ambo kilikuwa kimetangaza kwamba filamu yake ya hali halisi ya kumuenzi marehemu Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza, sasa iko wazi mtandaoni. Hulipi, hujisajili, unabonyeza na kutazama. Tangazo likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu na wazazi hapa Mombasa, kila mtu anamrushia mwenzake. Mtoto akanunua bando, akajifungia chumbani, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, na katikati yake maneno machache: video hii haipatikani katika nchi yako.

Nikajaribu mwenyewe kwa simu yangu, kisha kwa kompyuta ya kazini, kisha nikaingia saiba moja pale Mwembe Tayari. Jibu ni lile lile. Filamu ni ya bure, ila si kwetu.

Nisingeandika haya kama ingekuwa filamu ya mapenzi au ya vita. Za kutazama zimejaa tele na hakuna atakayekufa kwa kukosa moja. Kinachoniuma ni kwamba kama kuna watu wasiostahili kufungiwa mlango kwenye kumbukumbu ya Hawking, ni watu wa Pwani ya Kenya, na nimegundua kwamba wengi wetu hatujui kwa nini. Binti wa dadangu hakujua. Mwalimu wake pia, nilipozungumza naye, alikuwa na habari nusu nusu.

Toka Mombasa, pita Kilifi, pita Malindi, endelea kaskazini kidogo mpaka Ngomeni. Baharini utaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yao mirefu. Ndiyo San Marco. Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walirushia setilaiti pale kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, na setilaiti 9 zikapaa kutoka kwenye maji yetu. Walipachagua kwa sababu ni karibu na ikweta. Hapo ardhi huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki huanza safari yake ikiwa tayari imebebwa na kasi hiyo. Mzee mmoja mvuvi wa kule aliwahi kunisimulia jinsi mngurumo ulivyokuwa ukitikisa madirisha, na jinsi watoto walivyokuwa wakikimbilia ufukweni kutazama ule moshi.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikapaa kutoka pale setilaiti ya Wamarekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Mpaka leo ukifungua kitabu chochote kizito cha astronomia, kiwe cha Kijapani au cha Kijerumani, utalikuta jina hilo, maana ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu. Eksirei hizo hazitufikii huku chini, hewa huzimeza zote. Kabla ya Uhuru kupaa, wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazochungulia juu kwa dakika chache kisha zinaanguka. Uhuru ilikaa kule juu ikijizungusha taratibu, ikilipekua anga lote, na ilipomaliza kazi mwaka 1973 ilikuwa imeacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, mwanafizikia aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Alifariki Desemba 2018, miezi michache baada ya Hawking mwenyewe.

Katika vyanzo hivyo kimoja kilikuwa Cygnus X-1. Kilishaonekana mwaka 1964 kwa roketi ndogo, lakini hakuna aliyejua ni kitu gani. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei zake hupanda na kushuka kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kuifuata hoja hii bila shida, ndiyo maana naipenda. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kikiwa kipana sana, mwanga wa upande wa mbali unachelewa kukufikia kuliko wa upande wa karibu, kwa hiyo hakiwezi kuwaka na kufifia chote kwa pamoja ndani ya kitambo kidogo hivyo. Kwa hiyo Cygnus X-1 ilikuwa kitu kidogo mno kwa vipimo vya angani. Kisha wanaastronomia wakaiona nyota kubwa iliyo jirani yake ikizungushwa kila siku 5.6, na hesabu ya uzito wa yule jirani asiyeonekana ikatoka kubwa mno: leo tunajua ni kama mara 20 ya uzito wa jua. Kitu kidogo, kizito hivyo, na hakionekani. Kitu cha namna hiyo, chenye mvutano mkali hata nuru haitoki ndani yake, huitwa shimo jeusi, na hilo ndilo la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali kwa ushahidi.

Hawking alilifanyia kamari. Mwaka 1974 aliwekeana dau na rafiki yake Kip Thorne, mwanafizikia mwenzake, kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Moyoni aliamini kwamba ni shimo jeusi, lakini alikuwa amewekeza miaka ya maisha yake katika hesabu za mashimo hayo, na alitaka, kama yote yangekuwa bure, angalau abaki na faraja ya kushinda dau. Mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa, akaingia ofisini kwa Thorne wakati Thorne yuko safarini, akatia alama ya kidole gumba kwenye ile karatasi. Ushahidi uliomshinda ulianza kukusanywa na chombo kilichopaa Ngomeni.

Na si hicho tu. Tarehe 15 Juni 2018 majivu ya Hawking yalizikwa Westminster Abbey, London, karibu na Newton na Darwin. Siku hiyo Shirika la Anga la Ulaya lilitumia antena yake ya mita 35 iliyoko Cebreros, Hispania, kurusha sauti ya Hawking angani kuelekea shimo jeusi linaloitwa 1A 0620-00, lililo mbali zaidi ya miaka 3,000 ya nuru. Ile herufi A ni ya Ariel. Chanzo hicho kiligunduliwa Agosti 1975 na setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, kilipolipuka ghafla kikang'aa kwa eksirei kuliko nyota zote za usiku. Na Ariel 5 ilirushwa tarehe 15 Oktoba 1974 kutoka wapi? Kutoka San Marco. Kutoka Ngomeni.

Hebu lifikirieni jambo hilo. Siku ya kumzika mwanasayansi huyu mkubwa, alichaguliwa shimo jeusi ambalo njia ya kuligundua ilianzia kwenye bahari yetu. Sauti yake imetumwa huko, itasafiri zaidi ya miaka 3,000. Mtoto wa Mombasa anayetaka kuisikia sauti hiyo hiyo kwenye simu yake anaambiwa nchi yake haimo.

Najua nitakachojibiwa. Filamu ina picha za zamani zilizokodishwa kwa leseni, leseni huuzwa nchi kwa nchi, na walipa ada wa kule ndio waliogharamia. Watengenezaji wa filamu nao wana watoto wa kulisha. Haya, nakubali. Waiuze miaka miwili mitatu, wapate haki yao. Lakini ikishafika siku ya wao wenyewe kutamka kwamba sasa ni ya bure kwa ajili ya kumuenzi marehemu, ule mpaka wa nchi unamlinda nani? Hakuna kituo hapa Mombasa kilichokuwa tayari kuinunua. Hakuna hata shilingi moja watakayoipoteza kwa mtoto wa Kisauni kuitazama. Haki za kuionyesha ziliandikwa kwa ajili ya kule kwao tu, na sisi hatukukumbukwa kwenye karatasi.

Kuna wanaoniambia nitumie VPN, programu ya kuficha niko nchi gani. Mimi naweza. Sitaki kumfundisha mtoto kwamba elimu huingiwa kwa dirishani.

Hawking mwenyewe alikuwa na msimamo tofauti, na aliuonyesha kwa vitendo. Oktoba 2017, miezi mitano kabla ya kifo chake, aliruhusu Chuo Kikuu cha Cambridge kuiweka wazi mtandaoni tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1966, kwa yeyote, popote. Kabla ya hapo ungelipa pauni 65 kutengenezewa nakala. Siku ya kwanza watu waliifuata kwa wingi hadi tovuti ya chuo ikazidiwa. Nimeipakua hapa hapa Mombasa, kurasa zake zimepigwa kwa taipureta na alama za hesabu zimejazwa kwa mkono, na hakuna aliyeniuliza niko nchi gani. Mtu ameifungulia dunia kazi ya ujana wake, kisha wanaomkumbuka wanaikata dunia vipande.

Intaneti yenyewe tunayofungiwa ndani yake nayo ina deni kwa watu waliotoa bure. Tarehe 30 Aprili 1993, maabara ya fizikia ya CERN kule Geneva iliitoa programu ya mtandao wa wavuti kwa dunia nzima bila malipo. Wangeweza kuuza. Hawakuuza. Na Julai 2009, mwezi ule ule kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM ilipoanza kazi hapa Mombasa, mihadhara ya marehemu mwanafizikia Richard Feynman, iliyopigwa picha Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1964, ilifunguliwa bure mtandaoni baada ya Bill Gates kununua haki zake. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, limeshafanywa, na dunia haikuanguka.

Nyaya za baharini zinatua mlangoni petu. Kebo nyingine, TEAMS, imetoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ikaja kutua hapa mwaka huo huo wa 2009, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inapata intaneti yake kupitia mchanga wa Mombasa. Lakini ukienda ndani ya Likoni au ukavuka Kisauni hadi Mtopanga, mwanafunzi bado ananunua bando la siku na kulihesabia kila dakika. Kwa mwanafunzi huyo, filamu ya saa nzima inayotazamika moja kwa moja tu ni ghali hata ikiitwa ya bure. Tunahitaji faili la kupakua, lenye ubora mdogo wa picha, ambalo mwalimu mmoja atalichukua mara moja kwa flashi na kulipitisha shule nzima. Katika yote ninayoyadai, hili ndilo rahisi zaidi kulitimiza, na ndilo linalosahauliwa kila mara. Mwalimu akiwa na faili, hahitaji mtandao darasani. Anahitaji projekta moja na ukuta mweupe. Jioni mnaweza kuionyesha pale Swahilipot, kituo cha vijana pembeni mwa Fort Jesus, wazazi wakaja na wadogo zao.

Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yangefaa sana pia. Wako Wakenya na Watanzania wengi ambao wangeyaandika kwa kujitolea, wakiombwa tu.

Serikali zetu nazo sizisamehi. Miaka yote hii tangu Uhuru ipae, mtoto wa Pwani anasoma mada ya eksirei kwa ajili ya mtihani, anachora ile mirija na kukariri matumizi yake hospitalini, na hakuna anayempeleka safari ya siku moja Ngomeni kumwambia: kutoka hapa. Tungekuwa tumetengeneza filamu yetu wenyewe ya Uhuru na Giacconi, leo tungekuwa na cha kuwapa wao bure.

Kituo hicho nimekiandikia barua pepe. Nimewaeleza habari ya Cygnus X-1 na ya Ariel 5, nimewawekea tarehe zote, na nimewaomba mambo mawili: waondoe kizuizi cha nchi kwa Kenya, na waweke faili la kupakua kwa matumizi ya shule. Bado hawajajibu. Wakijibu, jibu lao nitaliweka hapa kama lilivyo.

Wakati huo huo, walimu wa fizikia wa Mombasa, Kilifi na Kwale mnaotaka tasnifu ya Hawking pamoja na orodha ya setilaiti zote 9 za Ngomeni na kazi ya kila moja, acheni ujumbe hapo chini. Nimeshaviweka pamoja kwenye flashi, na maelezo yake nayaandika kwa Kiswahili. Aliye na picha za zamani za San Marco, za familia au za kazi, nazo naziomba sana. Wazee waliofanya kazi pale bado wapo Malindi, na wakati wa kuwauliza ni sasa.