WRX ya Kila Siku: Shoki Kwanza, Koilova Baadaye

Mwenye Subaru Impreza WRX ya miaka ya 2000 hadi 2007 akitaka gari lishike kona vizuri zaidi, ushauri wa kwanza anaopewa Nairobi huwa ni koilova, yaani shoki na springi zilizounganishwa, zinazorekebishwa urefu. Ushauri huo una msingi. Koilova humwezesha kupanga urefu wa kila gurudumu, na kwa anayeshindana wikendi ni chombo cha kazi. Lakini kwa gari linalopeleka watoto shule, shoki mpya juu ya springi za kiwandani zimedharauliwa mno.

Kosa liko kwenye ulinganisho. Magari mengi ya umri huu yanatembelea shoki zilizochoka. Ukizitoa, kifaa chochote kipya kitalituliza gari, na sifa zote zitaiendea koilova. Shoki bora, mauntingi mpya za juu (vishikizo vya shoki kwenye bodi) na bushi mpya (raba za viungio) za mikono ya chini zingerudisha sehemu kubwa ya utulivu huo bila kugusa springi.

Hasara ya kushusha gari nayo haisemwi. WRX hii ina mfumo wa MacPherson mbele na nyuma, yaani shoki yenyewe ndiyo nguzo inayoshikilia gurudumu kwa juu, na mkono wa chini hulishikilia kwa chini. Ikishushwa sana, mikono ya chini huinuka upande wa gurudumu, na kitovu ambacho bodi inalalia kwenye kona hushuka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Nguvu inayolilaza gari inapata wenzo mrefu zaidi! Basi mwenye gari anatafuta springi ngumu zaidi kutibu ugonjwa aliounda mwenyewe. Tena, kila sentimita aliyoshusha imetoka kwenye nafasi ya shoki kubonyea, kwa hiyo shimo la kawaida tu linaifikisha kwenye raba ya mwisho, na mgongo unapokea kilichobaki. Kukata springi ni kubaya kuliko yote: toa pindi moja kati ya sita zinazofanya kazi, ugumu unapanda 20% huku nafasi ikipungua.

Tairi ni sehemu ya hesabu hii, kwani ukuta wake nao hubonyea kwenye shimo. Ukuta wa tairi ya 225/40R18 una kimo cha milimita 90, wa 215/45R17 takriban 97, wa 205/55R16 kama 113. Rimu ya inchi 16 lakini haipiti kwenye breki za Brembo za STI, toleo kali zaidi la Impreza.

Stabilaiza ya nyuma (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) iliyo nene kidogo hupunguza gari kukataa kukata kona, na magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja haiongezi ugumu. Shimo la upande mmoja ndilo utalisikia zaidi, hivyo usizidishe unene.

Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, raba hubaki imesokotwa na kupasuka mapema. Kisha alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu.

Aliyekwisha kufunga koilova, gari likigonga chini kwenye matuta madogo ya mfululizo, alegeze marekebisho ya shoki kabla ya kuyakaza. Shoki inayorudi polepole mno haijanyooka tuta linalofuata linapofika, na gari huzidi kuzama.