Sikuwa Nacheza Singeli

Wale mliotumiwa na yule msaliti wangu klipu yangu nikiruka mbele ya gari (unajijua, na elfu kumi yangu sijaisahau): sikuwa nacheza singeli. Nilipigwa shoti.

Kikongwe changu mnakijua, Hilux ya 1989, injini 22R, ya kabureta. Tangu mvua zianze, asubuhi ukiiwasha haikai sailensa, yaani haiungurumi kwa utulivu ikiwa imesimama. Inamisi, inatetemeka kama ina malaria. Ikishapata moto inatulia kama si yenyewe. Plagi nimebadilisha zote nne. Wapi!

Jumamosi alfajiri nampeleka mama mkwe harusini Korogwe. Yuko barazani kajitanda, sanduku miguuni. Gari inatetemeka. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kuwa binti yake hakuolewa na mtu wa mchezo. Nikafungua boneti na msuli wangu wa kulalia, ndala zimelowa umande, nikaanza kutoa darasa:

"Mama, hapa unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja, injini inaunguruma. Mlio ukibadilika, silinda hiyo nzima. Usipobadilika, mgonjwa ndiye huyo."

Na ni kweli kabisa, ulizeni fundi yeyote. Ila atawaambia pia mshike kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mimi huko sikufika.

Waya wa kwanza, salama. Wa pili, salama, na kichwa kimeshavimba. Wa tatu nikauvuta huku tumbo limelalia bodi na mkono wa kushoto umeshika chuma. Nikasikia tik, tik, tik. Nikadhani ni gari. Kumbe ni mimi! Maelfu ya volti yanatafuta njia ya kwenda kwenye bodi, yameniona nimejilaza pale kama daraja.

Nikaruka. Kisogo kikapiga boneti, kijiti kikachomoka, boneti ikanishukia mgongoni. Nimebanwa kama mkate na siagi, mikono yote ndani. Na hapo, taratibu, bila haraka yoyote, nikasikia fundo la msuli linalegea. Nikabana mapaja. Msuli ukapita.

Gari niliiegesha pua ikitazama baraza, kwa hiyo nimeinamia boneti na baraza iko nyuma yangu. Hesabu fanyeni wenyewe. (Ndiyo, bukta ilikuwa imetoboka. Hapana, siyo "kama neti". Huo ni uongo wa yule msaliti.)

Kimya. Kisha mama mkwe, kwa upole kabisa: "Baba, mimi nitapanda basi."

Fundi alikuja mchana, hakutumia hata dakika tano. Kimpira cha vakyumu, kile kibomba ambacho injini inavutia hewa, kina ufa: kikiwa baridi kinakakamaa na kuvuta hewa, kikipata moto kinalegea, ufa unajiziba. Akaziba ufa kwa kidole tu, gari ikatulia. Elfu tatu, kwisha habari.

Jana mke wangu kapokea kifurushi kutoka Korogwe, kanikabidhi huku kaziba mdomo kwa khanga. Ndani kuna mkanda mpya wa ngozi na kikaratasi: "Mwambie mkwe, huu si wa feni."