Jogoo, mtungi na mzee wa siti ya dirishani

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka Dodoma. Basi lilipotoka Msamvu akapanda jamaa mmoja mwenye begi jeusi, shati limechomekewa, sauti ya mhubiri. Wasafiri wa mikoani mnamjua. Anaanza na sala, anafuata minyoo, anapitia kiuno na miguu kuwaka moto, kisha anashusha sauti kana kwamba watoto hawatasikia: "Sasa nakuja kwa akina baba."

Jogoo hapandi mtungi, mama analala kautazama ukuta, na kadhalika. Basi zima likacheka. Kipakti cha unga wa kahawia ni elfu kumi, ila kwa kuwa leo ametupenda, elfu tano. Unga huohuo unatibu pia sukari, presha, ngiri na mikosi ya kazini. Nilikuwa nasubiri aseme unapunguza na nauli.

Kicheko kilipokwisha ndipo nikaona kilichoniuma. Wanunuzi hawakuita. Mkono ulichomoza pembeni ya kiti, noti imekunjwa nne, pakti ikaingia mfukoni, macho yakarudi kwenye simu. Mzee wa siti ya dirishani, ambaye nilimwamkia shikamoo tulipoanza safari, alinunua mbili. Alipofungua mkoba wake azitie ndani niliona kadi ya kliniki ya presha na bahasha ya vidonge. Nikakaa kimya mpaka Chalinze, jamaa aliposhuka na begi lake jepesi.

Hasira yangu si kwa yule muuzaji, yeye anatafuta ugali. Hasira yangu ni kwa maneno mawili tuliyoyazoea: nguvu za kiume.

Mtu akipata mtoto wa jicho hatusemi kapungukiwa uanaume. Figo zikigoma, tunamchangia aende hospitali. Lakini damu ikikawia kufika sehemu moja ya mwili, basi huyo kaishiwa nguvu, tena za kiume, yaani kile kilichomfanya awe baba fulani kimeondoka. Na kama hilo halitoshi, tunalo neno hanithi, ambalo watu wazima wanatukanana nalo barabarani. Ukishaliita tatizo hivyo umeshaamua na tiba yake. Aliyepungukiwa nguvu atatafuta nguvu: supu ya pweza, mihogo mibichi na karanga, alkasusu, vumbi la Kongo. Mbona anafikiri sawasawa kabisa? Angeambiwa kwamba mishipa yake ya damu inaharibika, angeuliza inaharibiwa na nini.

Maana kusimama kwa uume ni kazi ya damu. Ubongo unaamuru, neva zinafikisha amri, inatolewa gesi iitwayo naitriki oksaidi, mishipa inalegea, damu inajaa, na njia ya kurudia inabanwa. Basi. Hakuna msuli wa ushujaa humo. Mishipa inayopeleka damu huko ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4. Muulize fundi bomba yeyote wa mtaani kwako: uchafu uleule ukipita kwenye bomba la nusu inchi na la inchi moja, lipi litaziba kwanza? Ndiyo maana kwa wanaume wengi tatizo hili hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5. Mwili umekupigia simu mapema, wewe umeikata ukaenda kunywa supu.

Najua kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na miaka 43. Miezi minne nilisingizia uchovu, foleni, kodi ya nyumba. Mke wangu, kama wanawake wengi wangefanya, akaanza kuhesabu saa zangu za kurudi nyumbani. Afadhali nishukiwe mchepuko kuliko niseme ukweli, ndivyo nilivyowaza, na leo nikikumbuka naona aibu. Nikaenda duka la dawa la mbali na kwangu, nikamnong'oneza dada wa kaunta. Akageukia chumba cha nyuma kwa sauti ya mnadani: "Za kiume zipo? Anataka za hamsini au za mia?" Nyuma yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Nikanunua panadol.

Nilipofika kwa daktari, baada ya vumbi mbili na pweza wasio na idadi, swali lake la kwanza lilikuwa kama asubuhi naamka "nayo". Nilidhani ananitania. Kumbe ni swali la maana: kama usingizini na alfajiri mambo ni mazima, mabomba huenda ni mazima pia, na shida iko kwenye hofu, msongo, sonona au ugomvi wa ndani. Kama hata alfajiri kimya, tuangalie mwili. Mimi ilikuwa kimya. Akanipima sukari kabla sijala. 14. Nilikuwa natembea na kisukari sijui tangu lini, nikinywa soda tatu kwa siku, na kisukari hakichezi hapo: kinaharibu mishipa na neva kwa pamoja.

Sikuponywa na kitu kimoja. Vidonge vya sukari, soda kwaheri, wali nusu sahani, kutembea kila jioni mpaka watoto wa mtaa wakanipa jina. Na ndiyo, daktari aliniandikia kile kidonge cha bluu pia, baada ya kuuliza kuhusu moyo wangu. Dawa iliyomo, sildenafil, ilikuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa maumivu ya kifua; ikaonekana inafanya kazi nzuri zaidi chini ya mkanda, na Marekani ikairuhusu Machi 1998. Haileti hamu. Inazuia tu ile amri ya "legea" isifutwe mapema. Ukiimeza ukakaa kuangalia mpira, utaangalia mpira.

Sigara inaziba mishipa hiyohiyo. Pombe nyingi pia ni tatizo, hilo mnalijua mnajifanya hamjui. Kitambi nacho. Wengine wana upungufu wa homoni, wengine waliumia uti wa mgongo au walifanyiwa upasuaji wa tezi dume. Vidonge vikishindwa ipo pampu, ipo sindano, upo hata upasuaji wa kuweka kipandikizi.

Sasa niwape waganga na wauza supu haki yao, ingawa roho inaniuma. Pweza ni mtamu na nitaendelea kumla. Mganga naye anakusikiliza, hakupazii sauti mbele ya mama mwenye mtoto, na milango yake iko wazi saa tatu usiku. Hata unga wake wakati mwingine unafanya kazi kweli. Na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimepima bidhaa za "asili tupu" za namna hii zikakuta ndani sildenafil ileile ya duka la dawa, imesagwa bila kipimo wala maelezo. Kijana mzima ataambulia kichwa kugonga. Mtu wa moyo anayeweka vidonge vya nitroglisirini chini ya ulimi, dawa hizo mbili zikikutana, presha inaweza kuporomoka mpaka asiinuke. Mke atalia, majirani watasema kafia raha.

Hospitali nazo zisijione. Mtu anahudhuria kliniki ya sukari miaka sita, anaulizwa macho, anaulizwa vidole vya miguu, hili haulizwi. Baadhi ya dawa za presha huchangia tatizo, atenolol ni mojawapo, na mara nyingi ipo ya kubadilisha. Lakini mgonjwa hajaambiwa, kwa hiyo anaacha vidonge kimyakimya ili ndoa ipone, na anaishia na kiharusi. Swali la sekunde kumi tu lingemwokoa.

Mwaka 1983 huko Las Vegas, profesa mmoja wa Uingereza, Giles Brindley, alitoa mhadhara mbele ya madaktari wa mfumo wa mkojo. Kabla ya kushuka ukumbini alijidunga sindano ya dawa aliyokuwa akiichunguza. Katikati ya mhadhara akashusha suruali kuonyesha kwamba inafanya kazi, kisha akaanza kuwasogelea waliokaa mbele wahakikishe wenyewe. Wapo waliopiga kelele. Simwombi mtu afike huko. Nasema tu kwamba yule mtu alikuwa na miaka 50 na zaidi, na hakufikiri kwamba anaonyesha uanaume wake, alikuwa anaonyesha matokeo.

Tulipokaribia Kibaha nilijikaza. Nikamwambia mzee, "Baba, samahani, mimi nilitumia unga kama huo. Kumbe nilikuwa na sukari." Alitazama nje kwa muda mrefu, nikajua nimeharibu safari ya watu.

"Wewe? Na ujana huo?"

Nikamsimulia yote, hadi panadol. Akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akanyamaza tena. Mbezi, watu wameshasimama wanagombania mizigo, akanivuta mkono.

"Huyo daktari wako, mwanamke au mwanaume?"

"Mwanamke."

"Mungu wangu." Akatoa simu yake ya kitochi, akanipa. "Haya, niandikie jina la hospitali. Usiandike ya nini."